Maneno Yaliyo Chini ya Picha

Picha haisafiri peke yake. Iwe imetundikwa ukutani au imechapwa gazetini, hufuatana na maneno, hata kama ni mstari mmoja tu. Na aghalabu mstari huo ndio unaomwambia mtazamaji aone nini na apuuze nini. Hoja yangu ni nyepesi kuitamka, ingawa huenda ikawa nzito kwa baadhi yetu kuimeza. Sisi watu wa visiwani tumezoea kugombana na picha tunazopigwa tukiwa majini. Ugomvi huo tumeuelekeza pasipo mahali pake. Ulistahiki kwenda kwa maneno yaliyo chini ya picha. Na maneno hayo yameandikwa na wengine kwa sababu sisi, wenye bahari na wenye lugha, tuliuacha wino ukauke.

Nichukue mfano mmoja tu, maana mmoja unatosha. Mwaka 2018 mpiga picha wa Marekani, Anna Boyiazis, alipata nafasi ya pili katika tuzo za World Press Photo, katika kundi la mfululizo wa picha za watu. Picha zenyewe alizipiga hapa Unguja. Mfululizo wake aliupa jina ambalo kwa Kiswahili tungesema Kuupata Uhuru Majini. Unawaonesha wasichana na wanawake wa vijiji vya kaskazini, Nungwi na Muyuni, wakijifunza kuogelea chini ya mradi uitwao Panje, wakiwa wamevaa nguo za kuogelea zinazositiri mwili mzima. Katika picha mojawapo mwalimu, naye mwanamke kijana, amesimama baharini akimshika mwanafunzi wake, na mwanafunzi amelala chali juu ya maji, anafunzwa kuelea. Nasema bila ya kusita: ni picha nzuri. Ndani yake mna utulivu ambao hauigiziki, na mna imani ya mtu aliyeukabidhi uzito wake kwa mikono ya mwenziwe.

Picha hizo zilipotoka, kelele zilikuwa za aina mbili. Ng'ambo zilishangiliwa kama ushahidi kwamba binti wa Kiislamu amekata minyororo. Kwetu, katika baadhi ya baraza, zilinung'unikiwa: kwa nini watoto wa watu waanikwe mbele ya dunia wakiwa wamelowa? Na nani aliyewaambia hao kwamba sisi hatuijui bahari? Makundi haya mawili yanadhani yanapingana. Mimi nayaona yamepanda chombo kimoja, kwa kuwa hakuna hata moja lililomuuliza yule aliyelala juu ya maji anafanya nini pale.

Mimi ni mfasiri. Kazi hii sikufunzwa chuoni. Nimeiokota katika kamusi zilizochakaa na katika vinywa vya wazee. Lakini jambo moja nimelishika kwa miaka mingi: maelezo ya picha ni tafsiri. Anayeyaandika amepokea kitu kisicho na maneno, naye anakihamishia katika lugha ya watu fulani, kwa ajili ya masikio ya watu hao. Na kama ilivyo kwa kila tafsiri, hatuna budi kuuliza: mfasiri ameongeza nini, na amepunguza nini?

Alichoongeza ni neno uhuru. Huenda katika lugha ya mpiga picha neno hilo ni jepesi. Mtu hupata uhuru akipanda baiskeli, akienda likizo, akivua viatu. Kwetu si jepesi hivyo. Visiwa hivi vilikuwa na soko la watumwa, na hadhi ya utumwa haikuondolewa katika sheria mpaka kwa amri ya mwaka 1897. Uhuru kwetu ni kinyume cha utumwa kabla ya kuwa kitu chochote kingine. Baadaye likawa neno la bendera, la Desemba 1963, kisha likagombaniwa tena Januari 1964. Ukimwambia mtu wa Unguja kwamba binti fulani amepata uhuru, swali lake la kwanza litakuwa: alikuwa mtumwa wa nani? Na maelezo yaliyofuatana na picha yalikuwa na jibu tayari: alifungwa na mila za dini. Basi baba yake, mama yake na mwalimu wake wa chuoni wamegeuzwa walinzi wa gereza kwa neno moja, nao hawakuwapo kujitetea.

Alichopunguza ni neno kuokoa. Nisimdhulumu mtu: katika maelezo marefu zaidi ya picha zile imeelezwa kwamba wanafunzi walifunzwa pia usalama wa majini na namna ya kumwokoa mwenzao anayezama. Limo. Lakini halikupandishwa kwenye kichwa. Kati ya maneno mawili, kuokoa na uhuru, lililochaguliwa kubebwa duniani ni lile linalomfurahisha msomaji wa mbali. Neno ambalo lingemgusa mama wa Nungwi limeachwa chini, kwa herufi ndogo.

Haya si mambo ya mpiga picha mmoja. Niliwahi kupewa kazi ya kufasiri kwa Kiswahili maelezo ya maonesho ya picha za pwani, zikiwamo za wavuvi na za wanawake wa mwani. Yalikuwa yameshaandikwa kwa Kiingereza, yameshapitishwa, yameshapimwa urefu. Katika picha moja mwanamke amejitwika mwani uliolowa, na maelezo yanasema anabeba mzigo wa umaskini. Nikasema: huyu anabeba mwani. Nikajibiwa kwamba nifasiri kilichoandikwa, na kwamba kwa vyovyote wageni waalikwa hawatasoma sehemu ya Kiswahili. Hapo ndipo penye kidonda. Kiswahili kinaitwa mwisho, baada ya maana kugawanywa, kije kupokea makombo.

Wala desturi hii haikuanza jana. Zipo kadi za posta za mwanzoni mwa karne ya ishirini ambazo wapenzi wa mambo ya kale wangali wanazihifadhi. Bandari inatazamwa kutoka chomboni: Beit al Ajaib, mstari wa nyumba nyeupe, majahazi yaliyotia nanga. Ni jicho la mtu anayewasili. Maji ni njia yake ya kufikia, basi. Kisha zikaja picha za mahoteli, nazo zinatazama upande wa pili, kutoka ufukweni kwenda baharini. Humo maji ni ya buluu, mchanga ni mweupe, na binadamu hayumo. Vijiti vya mwani havimo, ngalawa imo kama pambo, na mwanamke aliyeinama kwenye maji ya magoti amekatwa kwa makali ya fremu kwa sababu anaharibu mandhari. Katika kadi ya posta bahari ilikuwa mlango wa wageni. Katika tangazo la hoteli imekuwa bwawa la wageni. Sasa katika picha za tuzo imekuwa mahali tunapokombolewa, na wageni ndio mashahidi.

Linganisha na studio za mjini. Capital Art Studio iliyofunguliwa Unguja mwaka 1930 na Ranchhod Oza, na nyingine za namna yake, zilikuwa mahali ambapo mtu alikwenda kwa miguu yake, amevaa alichokitaka, akasimama alivyotaka kukumbukwa. Mpigwa picha alikuwa na neno katika picha yake. Lakini studio ilikuwa na paa na kuta. Baharini hatukujenga studio. Baharini tulimwachia mwenye kamera aje na macho yake, achague maji yakiwa yamejaa au yamepwa, kisha aende zake.

Na laiti tungekuwa watu maskini wa maneno ya maji, ningesema basi, tusamehewe. Lakini tazama utajiri tulioupuuza. Neno letu la kuogelea limezaliwa na kuoga: oga, ogea, ogelea. Katika lugha yetu anayeogelea ni jamaa ya anayekoga, na sikio la mshairi husikia pia elea ikipumua ndani yake. Neno letu la ukingo wa bahari, pwani, ni mahali panapopwa maji. Yaani hata nchi tumeiita kwa tendo la maji. Tuna bamvua na tuna maji mafu, na mwanamke wa Paje asiyejua kusoma saa anajua bila ya kuuliza ni siku gani ataweza kulifikia shamba lake la mwani. Mwaka wetu wenyewe tunauogesha: Mwaka Kogwa wa Makunduchi unaitwa hivyo kwa sababu ya maji, ingawa wapiga picha wengi hukimbilia kibanda kinachochomwa moto na vijana wanaopigana kwa mitungo ya migomba, wakaliacha jina la sherehe bila ya picha.

Mwislamu anakutana na maji mara tano kwa siku kabla hajakutana na mtu. Mtoto huoshwa anapozaliwa, maiti huoshwa kabla ya kuzikwa, na kati ya majosho hayo mawili maisha yote hupimwa kwa ndoo, mitungi na madumu. Mwanamke wa pwani ameingia baharini tangu lini? Tangu palipokuwa na pwani. Ametanda dagaa kwa kanga, amechokoa pweza miambani kwa mchokoo, ameokota chaza na kombe, na tangu kilimo cha mwani cha biashara kilipoanza hapa mwaka 1989, ameinama kwenye maji hayo miaka nenda miaka rudi, ngozi ikimuwasha na macho yakimuuma kwa chumvi. Kudai kwamba maji alikuwa hayajui mpaka alipofika mtu kumfunza ni kumfuta miaka elfu.

Hapa wasomaji wengi watakuwa wakinipigia makofi. Naomba wayazuie.

Kwa maana ukiyatazama vizuri matendo niliyoyataja, yote yanafanyika mahali mguu unapogusa chini. Magoti, kiuno, pengine kifua bamvua linapowahi kurudi. Ukaribu wa mwanamke wetu na bahari una mpaka, na mpaka huo ni pale nyayo zinapoacha mchanga. Mbele ya hapo ni ya wanaume na ya mauti. Mvulana hujifunza kuogelea kwa kucheza: huruka gatini, hudandia ngalawa ya mjomba, humeza maji mara mbili tatu, siku ya nne anaelea. Ndugu yake wa kike saa hiyo yuko kisimani au jikoni, na akivunja ungo huambiwa asilowe mbele ya watu. Yule mgeni alipoandika kwamba wasichana wetu hukatazwa kuogelea, alikosea kuhusu uhuru, alikosea kuhusu sababu, lakini kuhusu tendo lenyewe hakusema uwongo. Nasi tumeukasirikia ukweli kwa sababu umetamkwa na mtu asiyestahiki.

Bahari haingoji tumalize kukasirika. Maji ya kina kifupi yamekuwa yakipata joto, na mwani wa kotonii, ambao ndio wenye bei bora, umekuwa ukifa katika mashamba ya zamani. Watafiti, miongoni mwao Flower Msuya aliyefanya kazi hiyo katika Taasisi ya Sayansi za Bahari hapa Unguja, wamejaribu kuulima katika maji ya kina zaidi kwa nyavu zenye umbo la bomba. Maana yake ni nini kwa mkulima? Maana yake ni kwamba shamba limehamia pale mguu usipofika. Asiyejua kuogelea atamtegemea mwenye chombo, au ataliacha. Huko Jambiani wapo wanawake waliofunzwa kuogelea ili walime sifongo, na ujuzi huo sasa ni chakula cha watoto wao. Hawa hawakuingia majini kutafuta uhuru wala kuvunja mila. Walifuata riziki ilikokwenda.

Na zaidi ya riziki kuna roho. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I, iliyokuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba, ilizama katika mkondo wa Nungwi. Ripoti ya tume ya uchunguzi iliyotolewa Januari 2012 ilitaja watu zaidi ya 1,500 kuwa wamekufa au hawakuonekana tena. Wengi walikuwa wanawake na watoto. Mwaka haujatimia, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe. Sisemi kwamba kuogelea kungewaokoa wote. Chombo kilichopakiwa kupita kiasi hakisameheki kwa sababu abiria wake hawakujua kuelea, na mtu aliyefungiwa katika tumbo la meli usiku hana mbinu ya mikono wala miguu. Lakini walikuwapo waliotoka nje ya meli wakiwa hai. Walikuwapo walioshika magodoro mpaka kukapambazuka. Baina ya aliyeweza kukaa juu ya maji kwa nusu saa, akalifikia godoro, na asiyeweza hata dakika moja, tofauti ni somo ambalo mmoja alipata na mwengine hakupata.

Nungwi, nasema. Ufukwe ule ule walikoletwa walionusurika ndio uliopigwa picha miaka mitano baadaye, mwanafunzi amelala chali juu ya maji. Sasa itazame tena picha ile, na kichwa chake kinachosema uhuru. Hakuna haja ya kumtukana aliyekiandika. Inatosha kusema kwamba mtu wa Nungwi au wa Pemba asingekiandika hivyo. Angeiona meli.

Kuna watakaonijibu kwa dini, basi nami niwajibu kwa dini. Yako maneno mashuhuri yanayonasibishwa na Sayyidna Umar bin Khattab, ya kuwahimiza watu wawafunze watoto wao kuogelea, kutupa mishale na kupanda farasi. Watoto, siyo wavulana peke yao. Na tumefundishwa sote kwamba mwenye kufa maji huhesabiwa miongoni mwa mashahidi. Hiyo ni rehema ya Mwenyezi Mungu kwa aliyekufa. Haikuletwa ili iwe udhuru wa waliobaki. Tunawasomea hitima mabinti waliozama, tunawaita mashahidi, kisha wadogo zao tunawakataza yale maji ya kifuani yenye mwalimu, ufukwe na mchana mweupe. Ni uchaji gani huu unaokubali kumwosha binti akishakuwa maiti, ukaona haya kumlowesha akiwa hai?

Ama kuhusu sitara, picha zenyewe zinajibu. Wamefunikwa kuanzia kichwani mpaka miguuni, mwalimu ni mwanamke, darasa ni la wanawake. Anayetafuta aibu katika picha ile itabidi aje nayo kutoka nyumbani kwake. Wazee wetu walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Mabinti wale wameyavalia nguo, na bado wameyaoga. Hapo methali imepata mke mwenza, nasi tumekaa tunamtafutia talaka.

Sasa niwageukie wenzangu wa kalamu, maana nisingechukua kurasa hizi kuwalaumu wageni na mashekhe peke yao. Fungueni diwani zenu. Bahari imo katika kila ukurasa wa tatu. Kuna nahodha, kuna tanga, kuna usukani, kuna dhoruba, kuna nanga iliyokatika. Mahaba ni chombo, siasa ni chombo, dunia ni chombo. Mwanamke yumo kama bandari, au kama lulu iliyo chini inayomsubiri mzamiaji, au kama yule aliyesimama ufukweni akipunga leso. Je, yuko wapi mwanamke mwenye maji kifuani? Yuko wapi mwenye vidole vilivyokunjamana, anayehesabu kamba zake kabla maji hayajarudi? Nimesoma tungo za bahari kwa zaidi ya miaka thelathini, na sehemu kubwa zimetungwa na watu walioketi mahali pakavu. Tunailaumu kamera kwa kumwona mwanamke wetu kama ishara badala ya mtu, ilhali sisi ndio tuliotangulia kumgeuza ishara, tena kwa vina na mizani.

Kamera, pamoja na dosari zote za maneno yake, imefanya jambo moja ambalo sisi hatukulifanya: imeingia majini. Aliyepiga picha zile alilowa. Alikaa kwenye kiwango cha uso wa maji, sawa na yule anayejifunza, akaona kinachoonekana kutoka hapo. Mshairi asiyelowa hana haki ya kumfundisha adabu mpiga picha aliyelowa. Haki anayoweza kuidai ni ile ya maneno, na haki ya maneno haipatikani kwa manung'uniko. Hupatikana kwa kuandika.

Wala si kwamba njia haipo. Mwaka 2018 huo huo Aïda Muluneh wa Ethiopia alipiga mfululizo kuhusu maji huko Dallol, katika nyika ya chumvi ya Afar, kwa kuombwa na shirika la WaterAid. Shirika la misaada kwa desturi lingetarajia machozi, midomo mikavu na mitungi mitupu. Yeye akawasimamisha wanawake wenye nyuso zilizopakwa rangi na nguo za rangi kali katikati ya nchi isiyo na tone, wakimtazama mtazamaji kana kwamba yeye ndiye anayedaiwa. Habari ya tabu ya maji imefika, na hakuna aliyeombewa huruma. Huko Korea ya Kusini, katika kisiwa cha Jeju, wapo wanawake wazamiaji waitwao haenyeo, wengi wao sasa ni bibi watu wazima, wanaozama bila ya mtungi wa hewa kutafuta mazao ya bahari. Utamaduni wao uliingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2016. Mpiga picha Mkorea, Hyung S. Kim, aliwapiga picha mbele ya pazia jeupe mara walipotoka baharini, maji yakiwachuruzika, vifaa vyao mikononi. Hakuna mandhari ya kuwameza. Na jina wanaloitwa ni lao wenyewe, la kwao, maana yake wanawake wa bahari. Dunia imelazimika kujifunza kulitamka. Wanajulikana kwa kazi wanayoiweza. Hakuna anayewatambulisha kwa minyororo waliyokata.

Sisi tuna jina gani la mwanamke wetu wa bahari? Tunasema mvuvi, tukamwazia mwanamume. Tunasema mkulima wa mwani, tukamrudisha shambani. Watunzi wa kurasa hizi wanajua kuunda neno likakaa mdomoni. Waunde.

Kuna mengine ambayo yako ndani ya uwezo wetu. Maonesho ya picha yanayofanywa Mji Mkongwe yaandikwe kwa Kiswahili kwanza, kisha wafasiri waitwe kukipeleka Kiswahili hicho kwa wageni; nasi wafasiri tuikatae kazi inayotaka kinyume chake. Mwenye picha asomewe maelezo ya picha yake kabla hayajachapwa, kwa lugha yake, na akisema huyo siye mimi, yafutwe. Jarida hili litenge kurasa mbili kila toleo kwa picha za majini zilizopigwa na watu wa visiwa hivi, na maneno yake yatoke vinywani mwa wanaoonekana humo. Na kuogelea kuingie katika ratiba ya skuli za Unguja na Pemba, kwa wasichana na wavulana, pamoja na walimu wa kike na nguo za stara zinazotolewa na skuli kama zinavyotolewa kalamu na chaki. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021. Kwa nchi ya nyika hiyo ni hesabu ya mbali. Kwa watu wanaohitaji kuvuka maji ili wakamzike ndugu yao, ni hesabu ya nyumbani.

Kwa kuwa nimedai kwamba haki ya maneno hupatikana kwa kuandika, nisimalize bila ya kuandika. Ningepewa picha ile ya mwalimu na mwanafunzi, na nafasi ya mistari mitatu chini yake, ningeandika hivi, na yeyote mwenye maneno bora na ayalete:

Nungwi, Unguja. Mwalimu anamfunza mwanafunzi wake kuelea. Katika mkondo ulio mbele yao ilizama MV Spice Islander I, Septemba 2011.